Tunaiga kwanza, kuelewa kunafuata

Habari zenu jamani. Walimu, wazazi, wanafunzi, na wazee wetu mliokubali kukaa huku mbele, asanteni sana kwa kuja. Mada niliyopewa ni jinsi akili ya binadamu inavyojifunza utamaduni na kuurithisha, na naomba niseme mapema ninakoelekea ili tusipotezane njiani. Mimi naamini nguvu yetu kama binadamu haitokani na akili nyingi za mtu mmoja mmoja. Inatokana na kitu ambacho kwa haraka haraka kinaonekana udhaifu, kwamba tunapokea tunachoonyeshwa na wenzetu hata kabla hatujakielewa, na ili kupokea lazima kuwe na mtu wa kumtazama, mtu mzima kabisa aliye karibu anayefanya kitu mbele ya macho yako. Huyo mtu akikosekana utamaduni unakatika, na nitawaonyesha mahali ulipokatika kweli.

Tuanze na sanduku. Mwaka 2005 Victoria Horner na Andrew Whiten walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila nikilisimulia lazima mtu anyooshe mkono kubisha. Kuna sanduku lenye zawadi ndani. Mtu mzima anachukua kijiti, anasogeza kikomeo kilichoko juu ya sanduku, anachomeka kijiti kwenye tundu la juu mara kadhaa, halafu ndo anashuka kwenye kimlango cha mbele, anakifungua, anatoa zawadi. Sasa lile tundu la juu halina kazi yoyote, ndani kuna kizuizi, kijiti hakifiki popote karibu na zawadi. Ila sanduku likiwa jeusi huwezi kujua hilo. Walionyeshwa sokwe wa kisiwa cha Ngamba, kule Ziwa Victoria upande wa Uganda, wakaiga yote, ya juu na ya mbele. Likaletwa sanduku la pili, kila kitu sawa ila hili ni la plastiki unayoona mpaka ndani, na sokwe wakaona kwamba ile ya juu ni kazi bure, wakaiacha, wakaenda mlangoni moja kwa moja. Wakaja watoto wa binadamu wa miaka 3 na 4 na sanduku hilo hilo la kuonekana ndani. Watoto wakachomeka juu kwanza, kama walivyoonyeshwa.

Kwa hiyo sokwe kamzidi mtoto akili? Hapo ndo mikono inanyooka, na mimi huwa najibu kwamba kwa swali la sanduku lile, siku ile, ndio, sokwe alitumia kichwa chake vizuri zaidi. Mwaka 2007 Derek Lyons na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale wakakazana zaidi, wakawafundisha watoto kwanza kutofautisha kitendo chenye kazi na kitendo cha kipuuzi, wakawasifu kila wanapopatia, baada ya hapo wakawaonyesha vyombo vya kufungua ambavyo hatua nyingine zilikuwa za kipuuzi waziwazi, na hata walipowaambia wasizifuate zile za kipuuzi watoto bado walizifuata. Mtoto anayefanya hivi usidhani hajaona, ameona vizuri tu, ila ndani yake kuna kitu kinamwambia mtu mzima hawezi kufanya jambo kwa makusudi mbele yangu bila sababu, kama sababu siioni basi ni mimi sijaijua bado. Mark Nielsen na Keyan Tomaselli walikuta tabia hiyo hiyo kwa watoto wa Wasan wa Kalahari mwaka 2010, kwa hiyo wale wanaosema ni mambo ya watoto wa mijini waliozoea kuchezeshwa na watafiti wanakosea. Ingawa haina nguvu sawa kila mahali, watoto wa Waaka wa misitu ya bonde la Kongo walipopimwa waliiga zile hatua za ziada kidogo sana kuliko watoto wa majirani zao Wangandu ambao ni wakulima, na Waaka wanajulikana kwa kumwachia mtoto ajaribu mambo mwenyewe tangu mdogo. Yaani hata namna ya kuiga nayo inafundishwa na mazingira.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye swali la kwa nini tabia hii itufae, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Twende Australia mwaka 1861. Robert Burke, William Wills na John King walikuwa wametoka kulivuka bara lile kutoka kusini mpaka karibu na pwani ya kaskazini na kugeuza, mwenzao wa nne ameshafia njiani, na tarehe 21 Aprili wakafika kwenye kambi yao ya Cooper Creek wakiwa hoi, wakakuta wenzao waliokuwa wanawasubiri wameondoka asubuhi ya siku ile ile. Akiba ikaanza kuisha. Pale mtoni walikuwa wanaishi Wayandruwandha, wenyeji wa nchi ile, na wenyeji wakawapa samaki na mikate ya nardoo. Nardoo ni mmea wa majini, jamii ya kangaga, unatoa vijitunda vigumu kama mbegu. Wageni wakaona kumbe chakula kiko, wakaanza kukusanya nardoo wenyewe, wanasaga, wanapika, wanakula. Na walikula, sio kwamba walikosa. Wills anaandika kwenye shajara yake kwamba hamu ya kula anayo lakini nguvu hazipo, mikono na miguu imebaki ngozi na mifupa, mapigo ya moyo yameshuka. Mtu anakula na anakufa, na hajui kwa nini.

Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba nardoo ina kimeng'enya kinachovunja vitamini B1 mwilini, na Wayandruwandha walikuwa na utaratibu wao mrefu wa kuitayarisha, wa moto na wa maji, ambao ulikuwa unapunguza madhara hayo. Wageni walichukua chakula wakaacha utaratibu. Wills na Burke walifariki katikati ya mwaka ule, King akaenda kukaa na Wayandruwandha akala wanavyokula wao, na mwezi Septemba kikosi cha Alfred Howitt kilimkuta hai.

Hebu mfikirie mama wa Kiyandruwandha anayemwonyesha binti yake kazi hii. Vitamini B1 yenyewe ilikuja kutengwa maabara mwaka 1926. Huyu mama hana habari nayo, mama yake hakuwa na habari nayo, hakuna mtu katika ukoo mzima anayeweza kukueleza kwa nini hatua hii lazima itangulie ile. Binti akiuliza atajibiwa ndivyo tunavyofanya. Na binti akijiona mjanja akasema hatua hii mimi naona haina kazi, inanichosha, naiacha, hataumwa kesho wala keshokutwa, madhara yanakuja polepole kiasi kwamba hawezi kuunganisha ugonjwa wa leo na kile alichokiruka wiki kadhaa nyuma. Akili yake mwenyewe, hata iwe kali vipi, haiwezi kumwokoa hapo. Kinachomwokoa ni kuamini. Ndo maana nasema yule mtoto anayechomeka kijiti kwenye tundu lisilo na kazi si mjinga, anafanya kile ambacho kwa maelfu ya miaka kimewaweka watu hai, anabeba kifurushi chote bila kukichambua, kwa sababu hajui kipande kipi ndicho chenye uhai wake.

Lakini msiondoke hapa mkidhani mtoto anameza tu chochote. Mtoto anachagua, na anaanza kuchagua mapema mno. György Gergely, Harold Bekkering na Ildikó Király walifanya jaribio dogo sana mwaka 2002 na watoto wa miezi 14, hawa ambao wengi wao hata kutembea ndo kwanza wanaanza. Mtu mzima amekaa mezani, mbele yake kuna taa, anainama anaiwasha taa kwa kipaji cha uso. Kundi moja la watoto walimwona mtu huyu akiwa amejifunika shuka kama anayesikia baridi na mikono yake miwili imeshika ile shuka. Kundi lingine walimwona mikono yake iko huru kabisa mezani. Walipopewa taa baadaye, waliomwona akiwa na mikono huru asilimia 69 waliinama wakatumia kichwa. Waliomwona mikono imeshikwa na shuka ni asilimia 21 tu waliotumia kichwa, wengine walinyoosha mkono wakabonyeza. Fikirieni hesabu aliyopiga yule mtoto: huyu katumia kichwa kwa sababu mikono ilikuwa na kazi, mimi yangu haina kazi, basi mkono unatosha. Ila yule mwingine mikono alikuwa nayo na bado kainama, basi hicho kichwa kina maana yake. Miezi 14 jamani.

Anachagua na mtu wa kumwamini pia. Mtu akimwonyesha mtoto wa miaka 3 au 4 mpira akauita kiatu, na mwingine akauita mpira, halafu kikaletwa kitu kigeni na kila mmoja akakipa jina lake, mtoto anafuata jina la yule aliyesema kweli mwanzo. Anaweka kumbukumbu ya nani anaaminika na nani haaminiki, kimya kimya, wakati wewe unadhani anacheza. Na kuna ishara nyingine ambazo György Gergely na mwenzake Gergely Csibra wamezieleza kwa kina, kwamba ukimtazama mtoto machoni, ukamwita jina, ukabadilisha sauti ile tunayowasemea watoto, anajua sasa naelekezwa kitu cha kushika. Hakuna mtu aliyetufundisha sisi wazazi kufanya hivyo, tunafanya tu, na watoto wanapokea tu.

Sehemu nyingine nitaipita haraka ila siwezi kuiacha, maana ningekuwa siwatendei haki. Imani hii hii inabeba na uchafu. Daniel Haun na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba mtoto wa miaka 2 aliyeshajua njia yake ya kupata zawadi, akiona watoto wenzake wanatumia njia nyingine, mara nyingi anaiacha ya kwake anafuata wenzake, wakati sokwe na orangutani, jamaa wa sokwe wa kule Asia, wao wanabaki na wanachokijua. Kwa hiyo mtoto akikua kwenye nyumba ambayo watu wa kabila fulani wanadharauliwa, hahitaji kuhubiriwa, atabeba ile dharau pamoja na salamu na nyimbo, kwenye kifurushi kile kile. Wanaotaka watoto waige mazuri tu wanaomba kitu ambacho akili haiwezi kutoa.

Sasa wengine wananiuliza, mbona hata wanyama wana utamaduni, unatutenganishaje nao? Kweli wanao. Sokwe wa Mahale wanapochanana manyoya wana mtindo wao, wawili wanainua mkono mmoja mmoja juu wanashikana, huku mkono mwingine unaendelea kuchambua, na mtindo huo ukienda Gombe, ambako nako ni kando ya Ziwa Tanganyika hilo hilo, haukuwa ukifanyika. Sokwe wa Taï kule Ivory Coast wanapasua kokwa ngumu kwa mawe na magogo na kinda anahitaji miaka kadhaa akiwa ubavuni kwa mama yake mpaka aimudu. Mwaka 1999 Whiten na wenzake walikusanya taarifa za vituo vya utafiti vya miaka mingi wakahesabu tabia 39 zinazotofautiana kati ya jamii moja ya sokwe na nyingine bila sababu ya mazingira. Huo ni utamaduni, mimi sina ubishi nao. Tofauti ni kwamba hauongezeki, au unaongezeka kidogo mno. Kinda anafika alipofika mama yake basi. Kwetu sisi mtu anaanzia pale mwenzake alipoishia, anaongeza kitu, anayekuja anaanzia hapo tena, na kwa mwendo huo unafika kwenye vitu ambavyo hakuna mtu mmoja duniani angeweza kuvibuni peke yake tangu mwanzo hata angepewa maisha kumi.

Na hii sio kwa sababu mtoto wetu ana akili zaidi kwenye kila kitu. Esther Herrmann, Michael Tomasello na wenzao walipima watoto 105 wa miaka 2 na nusu, sokwe 106 na orangutani 32 kwa mitihani ile ile, wakatoa matokeo mwaka 2007. Kwenye mambo ya vitu, yaani kiko wapi, vingapi, kifaa gani kinafaa, watoto na sokwe walikaribiana kabisa. Pengo likatokea kwenye mambo ya watu, kujifunza kwa kumtazama mwenzako, kufuata macho yake, kuelewa anachokusudia, hapo watoto waliwaacha mbali. Akili yetu imejengwa kuelekea kwa wenzetu.

Nilisema nitawaonyesha mahali utamaduni ulipokatika. Kaskazini magharibi mwa Greenland wanaishi Inughuit, watu wa kaskazini kuliko karibu watu wote wengine duniani. Miaka ya 1820 ugonjwa wa mlipuko ukaingia ukawapiga, na kama kawaida ya magonjwa ya namna hiyo waliokufa zaidi ni wale wenye umri, na hao ndio waliokuwa na ujuzi mikononi. Waliobaki wakajikuta hawawezi tena kutengeneza kayak, ule mtumbwi mwembamba wa ngozi. Hawawezi upinde na mishale. Hawawezi mkuki wa kuvulia samaki. Tafadhali muelewe uzito wa jambo hili, hawa si watu waliokuwa hawajui kwamba kayak ipo, walikuwa wameziona, wamezipanda, bahari iko pale pale na wanyama wako pale pale, njaa ipo, sababu zote za kubuni upya zipo, na akili zao ni zile zile. Hawakuweza. Karibu miaka 40 wakaishi bila kayak, idadi yao ikipungua, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1860 kikundi cha Wainuit kutoka upande wa kisiwa cha Baffin, kule Kanada, kiliposafiri kikawafikia, kikakaa nao, na vijana wakatazama tena mtu anapinda mbao na kushona ngozi. Kayak zikarudi, na pinde zikarudi.

Ule mkasa ndio unaonifanya nisikubaliane na wanaosema siku hizi hakuna kinachopotea kwa sababu kila kitu kimeandikwa. Kuandikwa kunasaidia sana, mimi mwenyewe nakula kwa maandishi. Ila sehemu kubwa ya ujuzi haimo kwenye maneno, imo kwenye pembe ya mkono, kwenye kujua lini usubiri na lini uvute, na aliyenayo mara nyingi hawezi kuieleza, anaweza kuifanya tu ukiwa umekaa hapo. Kuna jaribio lilitoka mwaka 2015, Thomas Morgan na wenzake walichukua watu 184 wakawafanya wafundishane kupasua mawe ili kupata vipande vyenye makali, teknolojia ile ile kongwe iliyopewa jina la Bonde la Olduvai. Wengine waliachiwa wakisie kwa kuangalia vipande vilivyokwisha kupasuliwa, wengine wakatazama mtu akipasua, wengine wakaelekezwa kwa kushikwa mikono, wengine kwa ishara, wengine kwa maneno. Kutazama tu kuliongeza kidogo mno. Kulikoleta mabadiliko makubwa ni kufundishwa, na zaidi pale mwalimu alipoweza kusema huku anaonyesha. Vyote viwili kwa pamoja, mtu, mkono na neno lake.

Basi mtauliza, kama tunaiga kiasi hiki mbona hatuko vile vile kama babu wa babu zetu? Hili ni swali zuri na jibu lake mimi linanifurahisha kuliko yote. Mtoto sio ndoo inayojazwa. Kila kichwa kinachopitisha kitu kinakigeuza kidogo kifanane na kichwa chenyewe. Frederic Bartlett wa Cambridge alieleza mwaka 1932 jinsi alivyowapa watu hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, ya mizimu na vita, wakaisimulia tena na tena, na kila ikipita inafupika, yale ya ajabu yanadondoka, mitumbwi inageuka mashua, uwindaji wa sili unageuka kwenda kuvua samaki, mwishoni imebaki hadithi ambayo Mwingereza yeyote wa wakati ule angeiona ya kawaida. Hawakuwa wanadanganya, ndivyo kumbukumbu inavyofanya kazi, inajenga upya kwa matofali iliyonayo. Na watu wa kale waliligundua hilo bila maabara, ndo maana kitu walichotaka kifike salama walikifunga kwa vina na mizani, maana neno moja likibadilika kina kinavunjika na kila aliyepo anasikia.

Lakini kugeuza sio kuharibu tu. Nikaragua, kuanzia mwaka 1977 na zaidi baada ya mapinduzi ya 1979, watoto viziwi wa Managua ambao kabla ya hapo kila mmoja alikuwa peke yake nyumbani kwao wakaanza kukusanywa shuleni. Walimu walikuwa wanawafundisha Kihispania cha kusoma midomo na haikwenda vizuri. Wakati huo huo uwanjani na kwenye basi watoto wakawa wanaongea kwa mikono, kila mmoja kaja na ishara za kwao, zikachanganyika. Wakaja watoto wadogo zaidi, wakazikuta zile ishara za wakubwa, wakaziiga, na hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Ann Senghas na wenzake waliwaonyesha watu wa rika tofauti kipande cha katuni, paka kameza mpira mzito anabingirika kwenye mteremko, wakaambiwa wakisimulie. Wale wa kwanza, wakubwa, walionyesha kwa mkono mmoja unaozunguka huku unashuka, yote kwa pamoja, kama jambo lenyewe linavyoonekana kwa macho. Wale waliokuja nyuma walilivunja, ishara ya kubingirika kwanza, halafu ishara ya kushuka, mbili zinafuatana, kama maneno. Hakuna mtu mzima aliyewafundisha hivyo, kwa sababu hakukuwa na mtu mzima anayeijua lugha hiyo. Watoto walipokea kitu ambacho hakijakamilika wakakirudisha kikiwa lugha. Leo ni lugha kamili ya alama, na wataalamu wa isimu wanaifuatilia tangu miaka ya 1980. Sasa nikisikia mtu analalamika kwamba vijana wanaharibu lugha, huwa namkumbusha hawa watoto.

Utamaduni unaingia mpaka kwenye mwili, hili nalo nilitaje japo kwa ufupi. Maandishi hayana umri mkubwa, yana miaka kama 5,000 na kidogo, muda mfupi sana kwa mwili wa binadamu kuota kiungo cha kusomea. Stanislas Dehaene na wenzake walipima ubongo wa watu wazima 63 wa Ureno na Brazili, wengine hawajui kusoma, wengine walijifunza wakiwa watu wazima, wengine utotoni, wakatoa matokeo mwaka 2010. Waliojifunza, hata wale waliochelewa, sehemu fulani ya upande wa kushoto nyuma ya ubongo imeshakamatwa na kazi ya kusoma, na hata jinsi wanavyosikia lugha ya kuongea imebadilika. Yaani kitu alichobuni mtu fulani zamani kinafika kwako na kukupangia upya kichwa. Na wale wanaosema mtu mzima hafundishiki, majibu yao yako hapo.

Niwaletee mawili ya mwisho, halafu tuanze kuongea wote. Patricia Kuhl na wenzake walichukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9, umri ambao mtoto anaanza kupoteza uwezo wa kusikia sauti za lugha asizozisikia nyumbani. Vikao 12, mtu anayezungumza Kimandarini anakaa nao chini, anawasomea, anacheza nao. Watoto hao wakabaki wanazitofautisha sauti za Kimandarini vizuri kama watoto waliokulia kwenye lugha hiyo. Kundi lingine likapewa watu wale wale, maneno yale yale, vitabu vile vile, ila kwenye video. Hawakupata kitu, walikuwa sawa na ambao hawakusikia Kimandarini kabisa. Hiyo ilikuwa mwaka 2003. Wakubwa kidogo wanajifunza kwenye video, tunajua, lakini mdogo wa umri ule anataka mtu.

La pili ni la mwaka 2009, la Maricela Correa-Chávez na Barbara Rogoff, na hili nawaomba wazazi mlibebe. Watoto wawili wa familia moja wanaletwa, mmoja anaonyeshwa jinsi ya kutengeneza kitu cha kuchezea, mwingine anaambiwa asubiri zamu yake. Hakuna anayemfundisha, amekaa pembeni tu. Baada ya siku kadhaa yule aliyekuwa anasubiri anaombwa atengeneze kile cha mwenzake. Watoto wa Kimaya wa Guatemala, hasa ambao mama zao hawakusoma sana shule, walikuwa wametazama muda mrefu zaidi na waliweza zaidi. Watoto wa Kimarekani wengi walikuwa wanachezea kitu kingine au wanatapatapa kutafuta wa kuwasikiliza. Tofauti hii haiko kwenye damu, maana hata ndani ya Wamaya wale ambao mama zao wamesoma zaidi watoto wao walitazama kidogo kuliko wenzao. Wale wa kwanza wamekulia mahali ambapo mtoto yupo wakati kazi za watu wazima zinafanyika, anatarajiwa atazame, na akiweza anaingiza mkono.

Sisi tunafanya nini? Tukiwa na kazi tunamwambia mtoto toka hapa utajichafua, nenda kacheze, nenda kasome, mlango unafungwa, halafu akifika miaka 16 tunashangaa hajui kitu na hana hamu. Amenyimwa kutazama kwenye miaka ile ile ambayo akili yake ilikuwa inataka kutazama kuliko kitu kingine chochote. Mimi naomba tuwaache wakae karibu, hata kama wanachelewesha kazi, hata kama wanaharibu kidogo, na tufanye mambo yetu mbele yao polepole tukiwa tunasema tunachofanya, na walimu, tupunguze kuanza na maelezo kabla mtoto hajaona kitu chenyewe kikifanywa na mikono ya mtu. Na tujue wanatutazama hata siku tusiyofundisha.

Nimeona karatasi za maswali zimeshajaa huku mbele, mengi yanahusu simu na watoto wadogo, na moja linauliza kuhusu bibi na babu wanaoishi mbali na wajukuu. Tuanze na hilo la bibi na babu, aliyeandika asimame tumsikie.